Mikono Isiyosikia Moto

Mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi, na kama aliwahi kuwa na jina jingine, hakuna aliyejisumbua kulikumbuka. Alikuwa dobi. Miaka thelathini na mitatu alifua, akachemsha mashuka, akatia kanji, akanyoosha kwa pasi ya mkaa, katika chumba kimoja chenye mlango wa mbele wa wateja na mlango wa nyuma wa kutokea uani. Miaka yote hiyo ilimwachia mikono ambayo watu hawakuchoka kuifanyia mzaha. Viganja vilikuwa vigumu, vinang'aa, vimelainika mpaka mistari yake imefutika. Aliweza kuingiza mkono kwenye pipa lililotoka motoni sasa hivi, akavuta shuka, akanung'unika kwamba maji yamepoa. Jirani yake, mama muuza sufuria, hakuwahi kununua kitambaa cha kushikia vyombo vya moto. Chakula chake kikichemka alitoa kichwa dirishani na kuita, "Mzee Pasi! Njoo unitolee kifuniko!" Naye alikwenda, akakibeba kifuniko kwa vidole viwili huku akimuuliza habari za wajukuu.

Mkewe peke yake ndiye alijua kuna kazi ambazo mikono ile haiwezi. Yeye ndiye alipokea nguo na kuzitia alama ya uzi, akashona vifungo vilivyokatika, akakunja. Na alikuwa na kazi moja zaidi, ambayo haikuandikwa kwenye ubao wa mlangoni: kupima pasi. Shati la pamba halina maneno mengi, lakini hariri ikikutana na chuma cha moto kupita kiasi, ndiyo imekwenda hiyo. Basi likija gauni la hariri, Mzee Pasi aliinua pasi, mkewe akainama na kulisogeza shavu lake karibu na chuma, akaacha nafasi ya vidole viwili tu, akafumba macho. "Bado," alisema. "Iache ipumue." Kisha, "Haya, sasa." Hawakuunguza hata leso moja. Mtu akiingia ghafla na kuwakuta wamesimama hivyo, pasi katikati yao, alidhani amewafuma katika jambo la siri, akarudi nyuma na kukohoa mlangoni.

Mkewe alifariki kwa homa. Tangu siku ya kwanza ya kulalamika mpaka siku aliyofunikwa uso zilipita siku tano. Baada ya hapo Mzee Pasi hakupokea tena hariri. Mteja akiileta, aliisukuma kwenye kaunta kwa kiwiko, bila kuigusa, na kusema, "Hii hapana. Mpelekee mwingine." Watu walisema ni uchungu, wakamwacha. Ulikuwa uchungu kweli. Lakini ndani ya uchungu ule mlikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata binti yake wa pekee, mwalimu wa shule katika mji wa pili, aliyekuja kila Jumamosi kumpikia na kumkagua kama daftari la mwanafunzi mzembe.

Mkewe alimwachia cherehani, kopo la vifungo, na paka. Paka huyo aliitwa Mgeni, kwa sababu aliingia siku moja ya mvua na mkewe akasema ni mgeni tu, mvua ikikatika ataondoka. Ilikuwa mwaka wa sita sasa. Mzee Pasi hakumpenda, na alikuwa na haki yake. Hebu fikiria shati jeupe la wakili, limefuliwa, limetiwa kanji, limenyooshwa, halafu mgongoni limebandikwa manyoya ya kahawia. Dobi na paka wapi na wapi? Alimfukuza kwa ufagio asubuhi, mkewe akamwingiza kwa kichwa cha samaki mchana, na nyumba ikaendelea hivyo hivyo kwa amani.

Hospitalini, mkewe alimvuta mkono na kumwambia, "Mgeni ana tumbo, umeona?"

"Tumbo la wizi," alijibu.

"Ana mimba, mzee. Usimfukuze. Akizaa, wanawe wasije wakafa ovyo."

"Nitawatunza kama mashati ya hakimu," alisema, maana hakujua la kusema, na mzaha ndio ulikuwa karibu. Mkewe akacheka. Kile ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho, na ile ndiyo ilikuwa amri yake ya mwisho yenye akili timamu. Mengine aliyoyasema baadaye yalisemwa na homa.

Mgeni alizaa wiki tano baada ya mazishi. Alizalia ndani ya kapu la mkewe, juu ya sweta la mkewe, na Mzee Pasi, aliyekuwa ameshika ufagio, akauegemeza ukutani polepole. Watoto walikuwa watatu. Walikuwa wadogo, vipofu, masikio yamelala, wakitambaa kwa tumbo na kulisukuma titi kwa vikono. Alikaa kwenye kiti cha kushonea akawatazama mpaka mkaa wa pasi ukazima. Kesho yake alikuwa ameshawapa majina, na kwa kuwa alijua nguo tu, majina yakatoka kwenye shati. Mwenye duara jeupe shingoni alikuwa Kola. Mwenye tumbo kubwa alikuwa Mfuko. Yule mdogo kuliko wote, aliyesukumwa pembeni kila saa ya kunyonya, alikuwa Kifungo.

Siku ya sita Mgeni alivuka barabara kwenda kwenye bucha, na lori la kubeba soda lilikuwa linarudi nyuma.

Mama muuza sufuria ndiye alikuja. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kanga yake kifuani, akasema, "Kaka yangu, usitoke kwanza. Ngoja nikwambie mwenyewe." Mzee Pasi alimsikiliza, kisha akachukua foronya safi ambayo mteja wake hakuwahi kurudi kuichukua, akaenda kumwokota. Alimzika uani, chini ya kamba za nguo. Alipoingia ndani, watoto walikuwa wameanza kulia, na hakuna aliyewaitika.

Daktari wa mifugo aliyempelekea kapu alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye mabuti ya mpira, aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alimwamkia vizuri, akainama juu ya kapu, akamshika kila mmoja.

"Shida yao si ndogo, mzee," alisema. "Wiki ya kwanza bila mama ni ngumu. Lakini wana nguvu. Una muda?"

"Nina muda mpaka nimechoka nao."

Daktari akampa kopo la maziwa ya unga ya paka na bomba la sindano lisilo na sindano. Akamfundisha. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Walishwe wakiwa wamelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu, watapaliwa. Wakimaliza, wapanguswe nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka wakojoe, maana hawawezi wenyewe, mama yao alikuwa akiwalamba.

"Na joto," alisema, akanyoosha kidole. "Joto kabla ya maziwa. Wakiwa wachanga hivi hawawezi kujipasha wenyewe. Mtoto aliyepoa ukimlisha unamuua. Kukiwa na baridi, tia maji ya moto kwenye chupa, uizungushie taulo, uiweke upande mmoja wa kapu, ili joto likizidi waweze kujisogeza. Pima kwanza kwa mkono."

"Kwa mkono," Mzee Pasi alirudia.

"Ndiyo, kwa mkono tu. Huhitaji chombo."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilimfika kooni kabisa. Lakini mzee mzima, aliyesifiwa mikono yake mtaa mzima, angeanzia wapi kumwambia binti wa umri wa mwanawe kwamba mikono hiyo ni mbao? Na kulikuwa na sababu nyingine, nzito kuliko aibu: akilisema hili, itabidi alisikie na yeye. Akasema, "Ahsante, daktari," akabeba kapu lake.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, na niseme ukweli, alikuwa hodari. Mtu anayejua kukoroga kanji bila madonge hashindwi na maziwa ya unga. Aliyaonja kwa ulimi kama uji wa mgonjwa, na ulimi wake ulikuwa mzima, haukumdanganya. Aliwalaza juu ya meza ya pasi, kwenye sweta la mkewe, akawalisha tone kwa tone, Kola kwanza kwa sababu alikuwa na kelele, Kifungo mwisho kwa sababu alihitaji kubembelezwa. Aliwapangusa, wakakojoa, naye akawasifu kwa sauti. Wateja waliokuja kuchukua nguo walimkuta na bomba mkononi wakaambiwa wasubiri. "Mzee Pasi amejifungua," mama muuza sufuria aliutangazia mtaa, "na wote wanafanana na baba." Hali ya hewa ilikuwa ya joto, moto wa mkaa ulikuwa karibu, chupa haikuhitajika. Alipowaweka kwenye mizani ya mama muuza sufuria walikuwa wameongezeka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilala na kuamka bila kusahau kwanza kwamba mkewe hayupo, halafu kukumbuka.

Siku ya kumi na moja tangu wazaliwe, Kola alifungua jicho moja. Lilikuwa bluu, la ukungu, na halikuona kitu bado, lakini lilikuwa limefunguka. Mzee Pasi alimwinua mpaka usawa wa uso wake, akamwambia, "Ndiyo mimi. Utazoea."

Asubuhi hiyo hiyo mvua ilianza. Mvua ya upepo, ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Mkaa ulilowa, chumba kikapoa, na watoto walipogusana na ubavu wa kapu walilia kile kilio chembamba alichokuwa ameshajifunza kukiogopa. Joto kabla ya maziwa. Akachemsha maji kwenye jiko la mafuta ya taa, akayamimina kwenye chupa ya mpira ambayo mkewe aliitumia kwa maumivu ya mgongo, akaizungushia taulo kama alivyoambiwa. Akaweka kiganja juu yake.

Hakusikia kitu. Akasubiri. Bado hakusikia kitu. Taulo ni zito, aliwaza, limezuia joto lote. Akalitoa, akaivalisha chupa foronya nyembamba. Akaweka kiganja tena, na safari hii akapata kitu kidogo, uvuguvugu wa kikombe cha chai iliyosahauliwa mezani. Akaridhika. Na kwa kuwa hakutaka mmoja wao akose, hakuiweka upande. Aliilaza katikati ya kapu, akawapanga juu yake, akawafunika na mkono wa sweta.

Walilia kidogo, kwa nguvu, kisha wakanyamaza. Mzee Pasi alifurahi waliponyamaza. Alikuwa na mashati ishirini ya wanafunzi ya kunyoosha kabla ya jioni, akawasha mkaa mkavu aliouhifadhi chini ya meza, akaanza, na kwa karibu saa nzima alinyoosha akiimba chini chini, mgongo umeelekea kapu.

Saa ya kulisha ilipofika alifunua sweta, akapiga kelele ambayo mama muuza sufuria aliisikia kupitia ukuta na mvua.

Mama huyo alipoingia alimkuta amesimama, mikono ameinua hewani kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Kola na Mfuko walikuwa bado juu ya chupa, midomo wazi. Ngozi ya matumbo yao ilikuwa imebadilika rangi na kulainika. Kifungo alikuwa pembeni, kwenye kona ya kapu, alikosukumwa na wenzake kama kawaida yake, amejikunja, anapumua.

Mama muuza sufuria alinyoosha mkono aitoe chupa, akaurudisha upesi na kuupuliza. "Mzee Pasi! Hii inaunguza!"

"Haiunguzi," alisema. "Nimepima."

"Umepima na nini?"

Aliiangalia mikono yake, upande wa juu, upande wa chini. Mama muuza sufuria naye akaiangalia, mikono ile iliyomtolea vifuniko miaka yote, akaelewa, akaweka kiganja mdomoni.

Kola alikuwa ameshakufa, jicho lake moja liko wazi. Mfuko walimpeleka kwa daktari katika mvua, ndani ya kapu pamoja na Kifungo na ile foronya ya chupa, chini ya mwavuli mmoja. Daktari alimtazama, akatazama foronya, akauliza taratibu, "Mzee, hukupima?"

"Nilipima," alisema Mzee Pasi.

Mfuko alikufa alasiri, juu ya meza ya chuma. Walirudi na kapu lenye mmoja.

Sasa niseme lile ambalo hakumwambia mtu. Miezi miwili nyuma, asubuhi, mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kushonea na kifungo mdomoni. Akakitoa, akasema, "Mzee, hebu nishike. Naona kama nina homa." Mzee Pasi aliitua pasi, akaja, na kiganja kile kile kilichotoka kwenye pasi akakiweka kwenye paji la uso wake. Hakusikia kitu. Akasema, "Huna homa, bibie. Ni uchovu. Jinyooshe kidogo." Kesho yake mkewe akaomba tena, naye akamshika tena, na akasema vile vile. Siku ya tatu mkewe hakuweza kuinuka. Hospitalini daktari wa zamu alisoma kipimajoto, akakikung'uta, akasoma tena, kisha akamgeukia akamuuliza mbele ya watu, "Mbona mmemchelewesha hivi?" Swali hilo lilikuwa linalala naye na kuamka naye. Alikuwa amelijibu kwa njia moja tu, kwa kukataa hariri.

Binti yake alikuja Jumamosi na kikapu cha mboga. Aliona kapu lina mmoja, akaona mashati ya wanafunzi hayajakunjwa, akaona baba yake amekaa kwenye kiti cha marehemu, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele yake.

"Wengine wako wapi, Baba?"

"Nimewaunguza."

Akamweleza, chupa, taulo, foronya. Binti alisikiliza, akamshika bega, akaanza kusema ni bahati mbaya, mtu yeyote angeweza. Mzee Pasi akautoa mkono wake begani.

"Ngoja. Sijamaliza. Mama yako alikuwa na homa siku ya kwanza. Aliniomba nimshike. Nikamshika na hii." Akainua mkono. "Nikamwambia hana. Siku ya pili vile vile."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

Binti alisimama. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kati ya kamba za nguo, mgongo kwake, kwa muda mrefu kiasi cha shuka kuanza kukauka. Mzee Pasi hakumfuata. Alikuwa amelitarajia hili na alikuwa tayari hata asirudi. Lakini alirudi, macho mekundu, akavuta kopo la vifungo akalikalia kwenye ngazi ya mlango, kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Nilimpigia simu siku ya pili," alisema. "Sauti yake haikunipendeza. Nikamuuliza, akaniambia, 'Baba yako kanishika, kasema sina homa.' Nikasema, basi sawa, pumzika. Mimi, Baba, niliyekua nikikuona unaokota makaa na vidole. Sikuuliza hata swali moja. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha."

"Wewe ulikuwa mbali."

"Na yeye alikuwa karibu. Alikuwa anaijua mikono yako kuliko mtu yeyote. Hariri hakukuachia upime, sembuse homa."

"Sasa kwa nini aliniuliza mimi?"

Binti alitingisha kopo chini yake, vifungo vikalia. "Labda alitaka mtu amwambie hana," alisema mwishowe. "Sijui, Baba. Sijui kabisa."

Hawakusameheana, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani aombe na ni nani atoe. Walikaa tu, wakalia, kila mtu upande wake. Kisha Kifungo naye akalia, njaa yake haikujua msiba wa mtu, na binti akamtoa kwenye kapu.

"Mama alikuwa akipima pasi na nini?" aliuliza.

"Na shavu."

"Basi." Akamsogeza yule mtoto wa paka kwenye shavu la baba yake, akamshikilia hapo.

Miaka thelathini na mitatu Mzee Pasi hakuwahi kuligusisha shavu lake kwenye kitu ili kujua joto lake, maana la mkewe lilikuwepo. Aliona ajabu jinsi lilivyojua. Lilijua manyoya, lilijua pumzi, lilijua kwamba tumbo lina uvuguvugu na miguu imepoa kidogo. Alifumba macho kama alivyokuwa akifumba mkewe. Halafu likamjia wazo ambalo alijua litamjia, na likaja: mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki, na yeye mzee angeinama tu, amguse kwa shavu.

Tangu siku hiyo kila kitu kilipita shavuni. Maziwa, pamba, chupa iliyovishwa taulo zito na kuwekwa upande mmoja, na Kifungo mwenyewe kabla na baada ya kila mlo. Wateja walizoea kumkuta na paka usoni, na hakuna aliyethubutu kucheka, hata mama muuza sufuria, ambaye sasa alijinunulia kitambaa cha kushikia vifuniko na kukitundika mahali ambapo Mzee Pasi asingekiona. Macho ya Kifungo yalifunguka, yote mawili. Masikio yakasimama. Akaanza kutembea, miguu ya nyuma ikienda kwingine na ya mbele kwingine, akianguka na kuinuka na kuonekana kuudhika.

Karibu mwisho wa wiki ya nne, asubuhi ya Jumatatu, kaunta imejaa wateja, Mzee Pasi alimwinua akaweka shavu kwenye tumbo lake, na tumbo lilikuwa la moto.

Akaondoa shavu. Akarudisha. Moto. Haikuwa uvuguvugu alioujua, ilikuwa joto la kupita hapo. Pasi ilikuwa mkononi, imejaa mkaa, suruali ya mtu imetandazwa, watu wanne wanasubiri. Mtu mwingine angesema ngoja nimalize hii suruali. Mzee Pasi aliitua pasi kwenye kigae chake, akamtia Kifungo ndani ya shati lake, akatoka kwa mlango wa mbele akipita katikati ya wateja wake.

"Pasi!" Mzee Pasi alimpigia kelele mama muuza sufuria bila kusimama.

"Naiangalia! Nenda!" naye akajibu, bila kuuliza kuna nini.

Alikimbia. Alikuwa na miaka sitini na minne, na ndala, na aproni iliyolowa, na hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Ofisi ya mifugo ilikuwa na foleni, mtu mwenye mbuzi mbele kabisa. Mzee Pasi hakuamkia mtu. Alipita mpaka mezani, akamtoa Kifungo kwenye shati, akamweka juu ya chuma.

"Ana homa," alisema akihema. "Nimempima asubuhi hii, ana homa. Sijachelewa, daktari. Nimekuja hapo hapo. Muulize mtu yeyote, nimekuja hapo hapo."

Daktari alimtazama usoni kwanza, kisha akachukua kipimajoto. Kifungo alilalamika. Wakasubiri, na mwenye mbuzi naye akasubiri. Daktari akasoma, akakigeuzia upande wa Mzee Pasi ingawa alijua hataweza kukisoma bila miwani.

"Hana homa, mzee. Yuko sawasawa. Paka joto lao linazidi letu, ndivyo walivyoumbwa. Alipokuwa mchanga alikuwa hawezi kujipasha, ndiyo maana ulimzoea akiwa vuguvugu tu. Sasa amekua. Joto ulilolisikia ni lake mwenyewe, analitengeneza mwenyewe."

Mzee Pasi aliitikia kwa kichwa kwamba anaelewa.

"Lakini umefanya vizuri," daktari aliongeza, akimpa Kifungo. "Hata ingekuwa homa kweli, ungekuwa umemuwahi kabisa."

Alimpokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema ahsante, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Mwenye mbuzi alimvuta mbuzi wake pembeni, akampisha kwenye benchi, naye akakaa, akainama juu ya yule paka, mabega yakitikisika.

"Mzee," daktari alisema, amechanganyikiwa, akimshika mgongo, "si nimekwambia ni mzima?"

"Nimesikia, daktari," alisema Mzee Pasi, shavu likiwa bado kwenye tumbo la Kifungo. "Nimesikia."